Modena na Parma kwa siku moja ukitokea Bologna: jinsi ya kuipanga usije ukakuta jiko limefungwa

Watu wengi wakifika Italia wanakimbilia Roma, Venice na Florence, wanakula tambi za watalii pale pale kwenye uwanja mkubwa kwa bei ya kukatisha tamaa, halafu wanarudi nyumbani wanasema chakula cha Italia kinasifiwa bure. Sasa kama unataka kujua kwa nini Waitaliano wenyewe wakianza kubishana habari za msosi lazima mtu autaje mkoa wa Emilia-Romagna, shuka Bologna, lala hapo, afu tenga siku nzima kwa ajili ya miji midogo ya pembeni. Nazungumzia Modena na Parma, na Reggio Emilia iliyo katikati yao. Yote imepangana kwenye mstari mmoja kwa sababu Warumi walipitisha barabara yao hapo mwaka 187 kabla ya Kristo, Via Emilia, kutoka Rimini mpaka Piacenza, na reli ya leo inakwenda ubavuni mwake, kwa hiyo hata gari huhitaji.

Kwanza kabisa, usijaribu miji yote mitatu. Najua kwenye ramani inaonekana rahisi, nusu saa hapa nusu saa pale, lakini kinachoendesha siku hii sio umbali, ni saa za jikoni. Soko linaanza kukusanya vitu vyake kwenye saa saba saa nane mchana, mgahawa unapika kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane na nusu basi, maduka mengi yanafunga mchana yanafungua tena saa tisa na nusu au saa kumi, na kuanzia hapo mpaka saa moja na nusu usiku hamna mtu wa kukupikia sahani ya maana, hata ulie. (Saa zote humu ni za Kiswahili, yaani bango la stesheni likisema 14:30 mi naandika saa nane na nusu.) Ukizijua hizo saa siku inajipanga yenyewe: asubuhi Modena sokoni, chakula cha mchana hapo hapo Modena, kile kipindi mji umelala wewe uko kwenye treni, jioni Parma, unakula tena, unarudi Bologna kulala.

Chagua siku vizuri. Jumapili soko la Modena halifunguliwi, Jumatatu makumbusho mengi na migahawa mingi inapumzika, Alhamisi mchana kuna maduka ya vyakula yanayofunga moja kwa moja mpaka kesho yake. Kwa hiyo Jumanne, Jumatano, Ijumaa au Jumamosi, na kama ni Jumamosi weka oda ya meza mapema. Mwezi wa nane mi singeenda kabisa, joto la lile bonde la mto Po ni la kukaanga mtu na migahawa ya kifamilia inafunga wiki nzima au zaidi kuzunguka sikukuu yao ya tarehe 15. Mwezi wa tano na wa sita ni mzuri, kuna cheri za Vignola, na mwezi wa kumi pia.

Treni sasa. Bologna Centrale ni stesheni kubwa, kuna majukwaa ya chini ya ardhi ya treni za kasi, hayo achana nayo, wewe unataka treni ya regionale, yaani ya kawaida ya mkoa. Bei yake haibadiliki, ununue mwezi mzima kabla au dakika kumi kabla ni ile ile, na hakuna kiti cha namba. Mpaka Modena ni kama nusu saa, mpaka Parma ni kama saa nzima, na hata hiyo ya Parma haifiki euro 10. Treni ya kasi inakuokolea dakika chache tu kwa hela nyingi, ya nini. Ila kuna kitu kimoja kinachowakamatisha wageni kila siku: tiketi ya karatasi lazima uigonge kwenye kimashine kidogo pale jukwaani kabla hujapanda, na tiketi ya kwenye simu lazima uifanyie check-in kabla ya kupanda, ukijisahau ukakutwa na kondakta hujafanya, kwake ni kama huna tiketi na faini utalipa, hata umweleze wewe ni mgeni umetoka mbali kiasi gani. Halafu angalia habari za mgomo siku moja kabla, neno lao ni sciopero na mara nyingi unaangukia Ijumaa. Siku za kazi hata mgomo ukiwepo sheria inawalazimisha waendeshe baadhi ya treni za regionale kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, na kati ya saa kumi na mbili na saa tatu usiku, kwa hiyo siku haijaharibika sana ukijipanga ndani ya hizo saa.

Panda treni ya saa mbili asubuhi hivi. Kahawa kunywa kabla, kwenye baa, ukiwa umesimama kaunta, ni euro moja na senti kadhaa, ukikaa mezani bei inaweza kupanda mara mbili na hakuna anayekuibia, ndio utaratibu. Sehemu nyingine unalipa kwanza kwa keshia, unapewa risiti, ndo unampelekea yule anayetengeneza kahawa.

Ukishuka Modena tembea kwa mguu tu, dakika kumi na tano uko katikati. Nenda moja kwa moja Mercato Albinelli, soko lenye paa la chuma lililofunguliwa mwaka 1931, liko mtaa wa nyuma ya uwanja wa Piazza Grande, na katikati yake kuna chemchemi yenye sanamu ya msichana na kapu la maua. Sio soko la kupigia picha tu, wazee wa mji wananunua hapo hapo, kwa hiyo usiziba njia. Zunguka mara ya kwanza bila kununua. Utaona tortellini mbichi, tambi ndogo zilizojazwa nyama, zimetandazwa kwenye sinia, ndogo kuliko ncha ya kidole gumba, za kukunjwa kwa mkono, na bei yake kwa kilo itakushtua, lakini mtazame mama anavyozikunja moja moja utaelewa hela inaenda wapi.

Simama kwenye meza ya jibini. Hapa ndo pa kujifunzia Parmigiano Reggiano. Angalia muuzaji, hakati. Anashika kisu kifupi chenye umbo la lozi, anakichoma, anakizungusha kidogo, na jibini inapasuka yenyewe kufuata chembechembe zake, unabaki na kipande chenye uso wa jiwe lililovunjika. Ndani utaona vidoa vyeupe, ukitafuna vinavunjika kati ya meno, wengi wanadhani ni chumvi, sio chumvi, ni tyrosine, kijenzi kimoja cha protini, inajitenga jibini inavyozidi kuzeeka, yaani ni dalili nzuri. Mwombe uonje ya miezi 12, ya 24 na ya 36 kwa mpangilio huo, sema tu "posso assaggiare?" na tabasamu. Ya 12 ina ladha ya maziwa bado, ya 36 ni kali na kavu, haipendwi na kila mtu, mi nanunua ya 24 na sijawahi kuona sababu ya kubadili. Kabla hujalipa tazama ganda: jina limechomwa kwa vidoti kuzunguka gurudumu zima, na kuna namba ya kiwanda na mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Hakuna hivyo, hiyo ni jibini nyingine, inaweza kuwa tamu lakini sio hiyo unayolipia.

Na hii jibini ina sheria kuliko hata benki. Inaruhusiwa kutengenezwa wilaya za Parma, Reggio Emilia na Modena, kipande cha Bologna kilicho ng'ambo ya kushoto ya mto Reno, na kipande cha Mantova kilicho kulia mwa Po, basi. Ng'ombe hawalishwi majani yaliyovundikwa. Maziwa ya jioni yanalazwa kwenye mabeseni mapana usiku kucha, cream inapanda juu, inaondolewa, asubuhi yanachanganywa na maziwa ya alfajiri yakiwa kamili, yanaingia kwenye sufuria kubwa za shaba, yanatiwa kimeng'enya cha kugandisha kinachotoka tumboni mwa ndama. Yakiganda yanavurugwa kwa mchapo mkubwa hadi yawe chembe za ukubwa wa mchele, yanapashwa moto mpaka nyuzi 55, chembe zinazama chini zinashikana kuwa bonge moja, na hapo watu wawili wanaliinua kwa kitambaa cha kitani, wanalikata katikati, wenyewe wanaita mapacha. Kila pacha anakuja kuwa gurudumu la kilo 40 hivi, na ametumia kama lita 550 za maziwa. Halafu anaogeshwa kwenye maji ya chumvi karibu wiki tatu, anapandishwa kwenye shelfu, na akitimiza miezi 12 anakuja mkaguzi na kinyundo kidogo anamgonga pande zote huku ametega sikio. Sauti ikibadilika mahali ina maana ndani kuna uwazi au ufa. Akifaulu anachomwa muhuri, akifeli muhuri hapati.

Kama unataka kuyaona haya kwa macho, kuna viwanda vingi vidogo vinapokea wageni kwa oda, lakini elewa mambo mawili. Moja, kazi yote ni asubuhi, ukifika saa tano utakuta watu wanaosha sufuria. Mbili, viko mashambani, treni haifiki, itabidi ukodi gari, au uchukue teksi kutoka stesheni, au ujiunge na basi dogo la watalii kutoka Bologna ambalo mara nyingi linapita zaidi ya euro 100 kwa kichwa na linakuchukua alfajiri. Kwa hiyo ni kiwanda au soko, vyote viwili asubuhi moja haviwezekani. Ukienda na watoto mi ningesema kiwanda. Ukiwa mtu wa kupika, soko.

Ukitoka sokoni pita kanisa kuu, liko hapo hapo Piazza Grande, walianza kulijenga mwaka 1099, na mnara wake wa Ghirlandina una kama mita 86, vyote na uwanja wenyewe viko kwenye orodha ya UNESCO tangu 1997. Nje mlangoni tafuta michongo ya mawe ya Wiligelmo, hadithi za Adamu na Hawa na Kaini. Dakika ishirini zinatosha.

Sasa siki. Modena ndo kwao balsamico na hapa ndo watu wanapigwa hela zaidi kuliko mahali popote, kwa hiyo soma taratibu. Kuna vitu viwili vyenye majina yanayokaribiana sana (IGP na DOP mwishoni ni alama za Umoja wa Ulaya za kulinda asili ya bidhaa). Cha kwanza ni Aceto Balsamico di Modena IGP, hiki ndo kile cha supamaketi, ni siki ya mvinyo iliyochanganywa na juisi ya zabibu, inakaa siku 60 kama kima cha chini, na rangi ya caramel inaruhusiwa kutiwa. Sio kitu kibaya, kwa saladi kinafaa kabisa. Cha pili ni Aceto Balsamico Tradizionale di Modena DOP, na lile neno Tradizionale ndo linabeba bei yote. Hiki hakina siki ya mvinyo ndani wala rangi, ni juisi ya zabibu peke yake, imepikwa masaa mengi kwenye sufuria ya wazi, halafu ikaingia kwenye mapipa. Na mapipa yenyewe ni msururu, kubwa hadi dogo, kila moja mti wake, mwaloni, mcheri, mforsadi na kadhalika, na yanawekwa darini chini ya paa kwa makusudi, kiangazi joto likaushe maji, baridi itulize. Kila mwaka wanatoa kidogo kutoka pipa dogo kabisa, wanalijazia kwa lililotangulia, hilo nalo linajaziwa na kubwa zaidi, mpaka mwisho ndo inaingia juisi mpya. Miaka 12 kima cha chini. Ikipita 25 inaitwa extravecchio. Zamani familia ikipata binti walikuwa wanaanzisha msururu wa mapipa siku hizo hizo, akiolewa ndo mali yake.

Dawa ya kutopigwa ni chupa. Tradizionale ya Modena inauzwa kwenye chupa ya aina moja tu, ya mililita 100, tumbo la duara na kitako cha mraba, aliichora Giorgetto Giugiaro, yule yule mchoraji wa magari. Muuzaji akikuletea chupa ya umbo lingine ameandika miaka 30 kwa namba kubwa za dhahabu, mrudishie kwa heshima. Bei tegemea euro 40 na zaidi kwa ile ya miaka 12, extravecchio inakimbia mara mbili yake. Kama huna mpango wa kununua, onja tu: kwenye dari la jengo la manispaa, hapo hapo Piazza Grande, kuna mapipa ya mji, na kuna siku wanapeleka wageni, unaweka nafasi kupitia ofisi ya utalii. Ukipewa tone kwenye kijiko cha plastiki usiliramba haraka ukameza, liache litembee mdomoni. Halafu nyumbani usije ukaimimina kwenye saladi, ni matone tu, juu ya jibini, juu ya stroberi, hata juu ya aiskrimu ya vanila.

Saa sita na nusu uwe umeshakaa mezani. Osteria Francescana ya Massimo Bottura iko mji huu huu, ina nyota tatu za Michelin na imewahi kutajwa ya kwanza duniani 2016 na 2018, ila meza inatafutwa miezi kabla na bei yake ni kodi ya nyumba, kwa hiyo tuiache. Wewe tafuta trattoria, mgahawa wa kawaida, yenye menyu fupi ya ukurasa mmoja, isiyo na picha za chakula, isiyo na mtu mlangoni anayekuvuta mkono. Agiza tortellini in brodo, ndani ya supu, hata kama nje kuna jua, au tagliatelle al ragù, tambi bapa kwa mchuzi wa nyama. Spaghetti bolognese usiitaje, hawana na watakuonea huruma. Kwenye bili utakuta coperto, euro mbili tatu kwa kila mtu, hiyo ni ya mkate na kitambaa, ni halali yao, na tip baada ya hapo sio lazima.

Hapa ndugu zangu Waislamu na wengine wasiokula kitimoto tuongee kwa kirefu, kwa sababu huu mkoa ni wa nguruwe kuanzia pua mpaka mkia na kitu chenyewe kinajificha. Tortellini ndani yake ni nyama ya nguruwe pamoja na prosciutto na mortadella, nazo ni nguruwe pia. Ragù mara nyingi ina pancetta, nyama ya tumbo la nguruwe, ndani hata kama menyu inasema ng'ombe. Gnocco fritto, ule unga wa kukaanga unaovimba ukawa mtupu ndani, ukiuona tu unasema haya si mandazi, lakini kwa kawaida unakaangwa kwenye mafuta ya nguruwe yanayoitwa strutto, na hayo hayo yanaingia kwenye unga wa tigelle na wa piadina, mikate bapa ya huku. Erbazzone ya Reggio inaonekana ni pai ya mchicha, kumbe nayo ina mafuta au vipande vya nguruwe mara nyingi. Kwa hiyo kusema huli nyama haitoshi, sema "senza maiale e senza strutto", na uliza kila sahani, hawakasiriki. Cha kula kwa amani zaidi ni tortelli d'erbetta, hizi ni za Parma, ndani kuna ricotta na majani ya jamii ya mchicha, juu siagi na jibini. Pia kuna tortelli di zucca za boga, tamu tamu. Risotto uliza kwanza, supu ya nyama na mvinyo huwa vimo. Na Parmigiano yenyewe ina kile kimeng'enya cha ndama nilichokitaja, masheikh wamehitilafiana juu yake, kwa hiyo maliza hilo suala na sheikh wako kabla hujasafiri, siki ya balsamico vile vile.

Wanaokunywa, kinywaji cha hapa ni Lambrusco, mvinyo mwekundu wenye povu unaonywewa wa baridi, na unakata mafuta vizuri kweli.

Ukimaliza kula itakuwa saa nane na nusu hivi, mji umefunga milango, wewe rudi stesheni. Nusu saa uko Parma. Njiani treni inasimama Reggio Emilia, na kama wewe ni mtu wa historia kuliko nyama mi nisingekulaumu ukishuka hapo ukaiacha Parma. Bendera ya Italia ya rangi tatu ilizaliwa Reggio tarehe 7 Januari 1797, ukumbi upo mpaka leo. Na kwa sisi wa Afrika Mashariki kuna cha zaidi, mji huu ulikuwa rafiki wa FRELIMO enzi zile makao ya wapigania uhuru wa Msumbiji yako Dar es Salaam, tangu mwanzo wa miaka ya 70 hospitali yao ilifunga undugu na hospitali ya wapiganaji wa Cabo Delgado, dawa na vifaa vikawa vinatumwa. Ni watu wachache wanaopita na treni hapo wanajua.

Parma kutoka stesheni mpaka kanisani ni mwendo wa robo saa tena. Batistero, yaani lile jengo la ubatizo la pembe nane la marumaru ya waridi, alilianza Benedetto Antelami mwaka 1196, na ndani ya kanisa kuu lililo jirani inua kichwa uangalie kuba lililochorwa na Correggio miaka ya 1520, miguu na mapaja ya malaika yamejaa juu huko mpaka inasemekana padri mmoja alilalamika kwamba amechorewa mchuzi wa vyura. Mji hata matusi yake ni ya chakula. Ukiwa na nguvu ongeza Teatro Farnese ndani ya jengo la Pilotta, ukumbi wa mbao uliovunjwa na mabomu 1944 ukajengwa tena. Huna nguvu, kaa benchi.

Saa kumi na moja maduka ya vyakula yameshafunguka. Wanaokula kitimoto, hii ndo saa yenu. Prosciutto di Parma ni paja la nguruwe na chumvi ya bahari, hakuna kingine, likining'inizwa kwenye upepo wa vilima vya Langhirano kusini mwa mji. Mkaguzi anachoma mfupa mwembamba wa farasi kwenye sehemu kadhaa za paja na kuunusa kila mara, kwa sababu ule mfupa unashika harufu haraka na kuiachia haraka. Lililofaulu linapigwa muhuri wa taji lenye ncha tano. Dukani agiza kwa etto, gramu 100, na soma bei vizuri, sehemu nyingine kibandiko kinaonyesha bei ya etto na sio ya kilo, unajikuta umeshangilia bure. "Un etto, sottile", yaani etto moja, vipande vyembamba, inatosha watu wawili. Culatello, nayo ya paja la nguruwe, ni bei juu zaidi, inatoka kwenye ukungu wa karibu na mto Po, onja vipande vitatu vinne. Na ukiona cavallo kwenye mkate au menyu, hiyo ni nyama ya farasi, Parma wanaila mbichi imesagwa, wanaipenda sana, usije ukashtuka umeshang'ata.

Saa kumi na mbili jioni wenyeji wanamwagika Via Farini kwa vinywaji na vitafunio. Saa moja na nusu ndo jikoni kunawaka: tortelli d'erbetta, au anolini, tambi ndogo za kujazwa, kwenye supu, au torta fritta na sahani ya prosciutto. Hiyo torta fritta ni gnocco fritto wa Modena tu kwa jina lingine, lakini usilisemee hapo mezani. Kabla hujakaa, fungua simu uangalie treni mbili za mwisho za kurudi Bologna, mwambie mhudumu mapema una treni ya saa fulani, bili hawaleti mpaka uiombe.

Ya kubeba nyumbani: jibini mwambie muuzaji aifunge sottovuoto, bila hewa, inavumilia safari ndefu bila shida, na chukua kipande chenye ganda, ganda unalitia kwenye maharage yakichemka. Ile chupa ya balsamico ya mililita 100 inapita kwenye begi la mkononi uwanja wa ndege, viwanja vingi kikomo ni hiyo hiyo 100, ila iweke kwenye kimfuko cha plastiki na vimiminika vingine. Walioko Uingereza wawe makini, tangu Aprili 2025 serikali ilizuia wasafiri kuingiza nyama ya ng'ombe, kondoo, mbuzi na nguruwe pamoja na vitu vya maziwa kutoka nchi za Umoja wa Ulaya, hata kipande cha sandwichi, kwa hiyo cheki kama zuio bado lipo kabla hujanunua kilo mbili za Parmigiano. Marekani jibini ngumu inaingia ukiitaja kwenye fomu, prosciutto usijaribu. Wa Nairobi, Dar na Muscat angalieni masharti ya forodha yenu kwanza, na kama mnabeba siki kubwa kubwa ziende kwenye begi la chini, zimezungushiwa nguo.